Gesijoto: gesi ya Rungwe, baridi ya Makete na majaruba ya Mbarali

Huku Rungwe hewa ukaa (kaboni dioksidi) inatoka ardhini yenyewe, mpaka kuna kiwanda kinachoivuna. Volkano ziko nyingi duniani. Kwa nini lawama za dunia kupata joto ziende kwa magari na viwanda? – Msomaji, Tukuyu

Inatoka kweli, hasa pande za Mlima Kyejo. Kwanza tahadhari: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama kwenye mashimo siku isiyo na upepo. Ukikuta panya au ndege wamekufa bondeni, usishuke. Wala usipime kwa kiberiti, maana mtu huanza kupata kizunguzungu kabla moto haujazimika.

Tuje kwenye hesabu. Volkano zote za dunia hutoa chini ya tani bilioni 1 ya hewa ukaa kwa mwaka. Makaa ya mawe, mafuta, gesi na saruji hutoa zaidi ya bilioni 35. Ushahidi mzuri zaidi, kwa maoni yetu, ni oksijeni. Gesi ya volkano hutoka ikiwa tayari ni hewa ukaa, haihitaji oksijeni ya angani. Moto wa dizeli na makaa ya mawe unaihitaji. Vipimo vinaonyesha oksijeni inapungua kidogo kidogo sambamba na mafuta tunayochoma. Na kituo maarufu cha kupima hewa ukaa, Mauna Loa, kiko juu ya volkano! Upepo ukileta gesi ya kreta, vipimo hivyo huwekwa kando. Hata hivyo kiwango kimepanda kutoka sehemu 315 hivi kwa milioni mwaka 1958 hadi zaidi ya 420.

Wanasema dunia inapata joto. Mbona Juni viazi vyetu bado vinaunguzwa na baridi? – Mkulima, Makete

Kwa sababu ya anga kavu lisilo na mawingu. Usiku ardhi hutoa joto lake kwenda juu. Mvuke wa maji na mawingu hulinyonya na kurudisha sehemu yake chini, ndiyo maana usiku wa mawingu sakitu, yaani umande ulioganda, haianguki. Hewa ukaa na methani hufanya kazi hiyohiyo, ndiyo maana huitwa gesijoto, ila kiasi chake hakibadiliki kati ya jana na leo kama mvuke, kwa hiyo huwezi kuihisi usiku mmoja. Nitrojeni na oksijeni, ambazo ni asilimia 99 ya hewa kavu, hupitisha joto hilo bila kuligusa.

Bwana shamba anasema majaruba yetu yanatoa gesijoto. Mpunga si unavuta hewa ukaa kama mimea mingine? Na tukikausha maji si tutavuna makapi? – Mkulima, Igurusi

Mpunga hauna kosa. Tatizo ni matope. Jaruba likijaa maji, oksijeni ya udongoni huisha baada ya siku chache. Hapo vijidudu visivyohitaji oksijeni huozesha mabua na mizizi na kutoa methani. Kanyaga tope uone mapovu. Methani nyingi zaidi hupitia ndani ya shina la mpunga lenyewe. Kilo moja ya methani hupasha joto kama kilo 28 hivi za hewa ukaa, kwa kipindi cha miaka 100.

Dawa ni kujaza na kukausha kwa zamu. Chukua bomba la plastiki la urefu wa sm 30 na upana wa sm 10 hadi 15. Toboa matundu kwenye sm 20 za chini. Lizike hadi zibaki sm 10 juu, karibu na tuta ili ulifikie, kisha toa udongo wa ndani. Maji ya ndani na nje yakitofautiana kimo, matundu yameziba.

Anza wiki mbili baada ya kupandikiza. Magugu yakiwa mengi, subiri kwanza. Acha maji yashuke hadi sm 15 chini ya uso wa udongo, kisha jaza hadi sm 5. Makapi unayoyaogopa huja mpunga ukikosa maji wakati wa kutoa maua, kwa hiyo wiki moja kabla na wiki moja baada, jaruba lisikose maji hata siku moja. Ukifuata hivyo methani hupungua kwa karibu nusu. Lakini jaruba lisilosawazishwa litakuangusha: upande mmoja unakauka, mwingine bado ni bwawa. Na kama zamu yako ya mfereji iko mbali, jaza mapema kuliko bomba linavyokuambia. Kipimo hicho hakijui ratiba ya skimu ya umwagiliaji.

Mabua yalimiwe udongoni mapema, shamba likiwa kavu. Ukiyafukia siku chache kabla ya kujaza maji, unavilisha vijidudu hivyo.

Mfuko mmoja wa urea kwenye mahindi una gesi kiasi gani? – Msomaji, Mbozi

Mfuko wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23. Kwa kadirio la kimataifa, asilimia 1 yake huruka kama naitrasi oksaidi, gesijoto nyingine, yaani gramu 360 hivi za gesi. Gesi hiyo ina nguvu mara 273 ya hewa ukaa, kwa hiyo ni sawa na karibu kilo 100. Ongeza kilo 37 za hewa ukaa zinazotoka urea inapovunjika udongoni. Igawe urea mara mbili, ifukie sm 5 hivi kutoka kwenye shina, na usiiweke shamba likiwa limetuamisha maji. Hapo ndipo gesi hiyo hutoka kwa wingi, na pesa yako pia.