Mdaiwa wa Mdaiwa Wako Akiapa Hadaiwi Kitu

Msomaji wangu mmoja wa Kasulu ameniandikia kwa unyonge. Ana tuzo mkononi, yaani amri ya mahakama kwamba alipwe, na mahakama imekamata deni ambalo mdaiwa wake anamdai mwenye duka, lakini mwenye duka ameleta kiapo, yaani maelezo ya maandishi aliyoyaapia, kwamba hadaiwi hata senti. Anauliza kama ndiyo basi tena. Ndugu yangu, siyo basi. Kiapo ni ushahidi, si hukumu.

Yamenikuta hapahapa Kigoma. Jamaa aliyekula pilau ya harusi ya binti yangu alichukua dagaa wangu Kibirizi kwa mkopo, akauza, akaanza kunikwepa. Nikamshtaki, nikashinda. Kukaza hukumu, yaani kuifanya ilipwe kweli, ndiko kulikonitoa jasho: nyumba ya mke, pikipiki ya kaka, yeye hana hata kiti! Ila nilijua mwenye stoo mmoja wa Mwanga hajammalizia fedha za magunia. Mahakama ikamzuia asimlipe, ikamtaka ajieleze.

Akaapa kwamba kweli alidaiwa, lakini walishakatana madeni, maana Julai 2024 alimpa jamaa petroli na taa za kuvulia dagaa. Akaambatisha kurasa za kaunta buku. Sasa, makato ya kweli yaliyokuwepo kabla ya amri kumfikia yanakubalika. Wewe huwezi kupata zaidi ya ambacho mdaiwa wako mwenyewe angedai. Kumwita mwongo tu kusingenifikisha popote. Nikazisoma zile kurasa mstari kwa mstari. Julai 2024! Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka huo. Mitumbwi imelala mchangani, petroli ya kuvulia ya nini?

Nikawasilisha kiapo kinzani, yaani kiapo changu cha kumjibu, chenye hoja hiyo, nikaomba mwenye stoo aitwe adodoswe juu ya alichoapa. Amri ya 19 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inaruhusu. Nikamuuliza mwenye stoo: huyo jamaa alivua ziwa gani? Akafungua kaunta buku, akalifunga, akaomba maji. Amri ikatoka alipe, na fedha nikazipata. Walionicheka sokoni siku hizi wananiita wakili, nami siwakatazi.

Tatizo letu tukisikia mtu kaapa, tunamwachia Mungu. Mungu hajakukataza kuomba nakala ya kiapo! Ichukue, angalia tarehe. Akisema kalipa, lini? Kama ni kwa simu, ujumbe wa muamala uko wapi? Kama ni taslimu, nani alisaini? Akiwa amelipa baada ya kupokea amri ya mahakama, malipo hayo hayamwokoi. Tarehe, narudia, tarehe. Na usingoje siku ya kusikilizwa ndipo uanze kulalamika kwa mdomo. Kiapo kinzani kiingie ndani ya muda aliopanga hakimu, vielelezo vikiwa nyuma yake, na mwenye duka apate nakala yake.