Misuli haiumi tena baada ya mazoezi: je, nimeacha kukua?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 27, uzito kilo 72, naishi Mwanza. Nina miezi saba tangu nianze kunyanyua vyuma, siku nne kwa wiki. Mwezi wa kwanza nilikuwa naumwa mwili mzima, hata kushuka ngazi shida. Baadaye maumivu yakaisha na uzito ninaonyanyua ukawa unapanda vizuri tu. Kocha wa jimu akaniambia kwamba kama siumwi basi misuli imeshazoea, nibadilishe mazoezi kila wiki ili kuishtua. Nimefanya hivyo miezi miwili sasa. Kuumwa naumwa kweli, lakini benchi presi (kusukuma nondo nikiwa nimelala chali) imegoma kwenye kilo 50 mara nane, na skwati (kuchuchumaa na nondo mabegani) kilo 70 mara sita. Nakosea wapi? Na je, kumeza diklofenaki ya kutuliza maumivu ili niwahi kurudi mazoezini kuna ubaya?

JIBU: Salama, ndugu. Mwili wako hauna kasoro. Ulikuwa unaendelea vizuri, ukapewa kipimo kisicho sahihi cha maendeleo, na ulipoanza kukifuata ndipo uzito ukagoma.

Tuanze na maumivu yenyewe. Yale yanayokuja baadaye, si yale ya papo hapo unapomalizia seti (fungu moja la marudio), huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya zoezi, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na huisha ndani ya wiki. Bado wapo wanaosema ni asidi ya lakti iliyoganda kwenye misuli. Haiwezekani: lakti hurudi kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja au zaidi kidogo baada ya kupumzika, yaani imeshaondoka kitambo maumivu yanapoanza. Mmarekani Theodore Hough aliandika mwaka 1902 kwamba chanzo ni mipasuko midogo ndani ya msuli wenyewe, na utafiti wa baadaye uliendelea kuelekea huko huko. Nyuzi za msuli na utando unaozizunguka huumia zaidi pale msuli unapokaza huku ukirefuka: unaposhusha nondo kifuani, unapochuchumaa kwenye skwati, unapoteremka mlima. Kisha majimaji na seli za kinga hukusanyika mahali pale, neva zinakuwa nyepesi kuhisi, na ukigusa tu paja unashtuka.

Sasa jambo ambalo kocha wako amelikosea. Msuli ukishapitia zoezi fulani mara moja tu, hujijengea kinga dhidi ya zoezi hilo. Ukilirudia baada ya wiki moja au mbili, uharibifu unapungua sana na maumivu yanapungua nao, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Inakuja hata kabla msuli haujaongezeka unene. Kwa hiyo kutoumwa kunakuambia kwamba zoezi si geni tena kwako, basi. Hakusemi lolote kuhusu kukua. Anayeteremka Kilimanjaro kwa mara ya kwanza huumwa mapaja siku tatu bila kuongeza hata kidogo cha nguvu ya kujivunia, ilhali misuli ya pembeni ya bega kwa watu wengi haiumi karibu kamwe, lakini ikilishwa mazoezi inavimba na kukua vizuri kabisa.

Kinachokuza msuli ni mkazo: uzito unaokusogeza karibu na kushindwa, unaorudiwa wiki baada ya wiki, na unaoongezwa kadiri unavyoumudu. Hili lina historia ndefu. Daktari Thomas DeLorme, aliyekuwa akiwatibu askari wa Marekani waliojeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, alichapisha matokeo yake mwaka 1945. Alitafuta uzito ambao mgonjwa anaweza kuunyanyua mara 10 tu, akajenga zoezi juu ya uzito huo, na mgonjwa alipozidisha mara 10 uzito ukaongezwa. Alichopima ni kilo na idadi ya marudio, na mpaka leo hivyo ndivyo vipimo vyako.

Kubadilisha mazoezi kila wiki kumekuharibia kwa njia tatu. Kwanza, wiki mbili tatu za mwanzo za zoezi lolote jipya, ubongo na neva ndivyo vinavyojifunza: mpangilio wa nyuzi, usawa wa nondo, njia ya mkono. Ulikuwa unaliacha zoezi kabla halijakulipa. Pili, msuli ulioumia hupoteza nguvu kwa siku kadhaa, na sehemu ya protini unayokula inakwenda kwenye ukarabati kwanza. Ukipiga kifua Jumatatu hadi ukashindwa kuinua mkono, Alhamisi unafanya kazi dhaifu, na hiyo ni nusu ya wiki yako imepotea. Tatu, na hili ndilo zito zaidi kwangu, huna cha kulinganisha. Huwezi kujua kama umepanda wakati wiki hii umefanya dambeli, wiki ijayo mashine, wiki inayofuata pushapu za miguu juu ya benchi.

Rudi kwenye mazoezi machache na ukae nayo wiki 8 hadi 12. Siku zako nne zigawe: mbili za juu, mbili za chini. Juu weka benchi presi, kuvuta nondo tumboni ukiwa umeinama, kusukuma juu ya kichwa, pulapu (kujivuta juu ukining'inia kwenye chuma), na zoezi la pili la kifua kwa dambeli. Chini weka skwati, dedilifti (kuinama na kuinuka na nondo mkononi) ya magoti yaliyokunjwa kidogo tu kwa ajili ya nyuma ya paja, lanji (hatua ndefu mbele ukikunja magoti), na kupanda juu ya vidole kwa ajili ya mashavu ya miguu. Mazoezi makubwa seti 3, madogo seti 2. Ukijumlisha wiki nzima, kifua kinapata seti 10 hivi, na kiwango hicho kinakutosha kwa sasa. Usikimbilie 20.

Kwenye benchi shuka hadi kilo 45, nondo ikiwemo (hakikisha uzito wa nondo yenyewe, ndefu ya kawaida ni kilo 20, lakini zilizochomelewa mtaani hutofautiana, kwa hiyo ipime kwenye mizani). Piga seti 3, ukisimama pale unapohisi umebakiza marudio mawili safi. Kwa nguvu ulizonazo sasa utapata kitu kama 10, 9, 8. Andika. Wiki ijayo unatafuta rudio moja zaidi mahali popote kwenye seti hizo tatu, kifua kikiguswa na nondo kila mara. Ukifika 12, 12, 12 ndipo unapanda.

Hapa jimu nyingi zina shida moja: sahani ndogo kabisa ya uzito ni kilo 2.5, na lazima uweke moja kila upande, maana yake kila hatua ni kilo 5. Kutoka 45 kwenda 50 ni asilimia 11, na ndiyo sababu wengi wakipanda baada ya kufika mara 8 tu hugonga ukuta. Ukisubiri hadi 12 kabla ya kuruka, kilo 50 utaanzia mara 7 au 8 ukiwa bado na akiba ya marudio mawili, badala ya mara 8 za kufia. Ukipata sahani za kilo 1.25, panda kwa kilo 2.5 ukifika 10. Skwati anzia kilo 65 kwa mara 7, 6, 6, na upande ukifika 10 kwenye seti zote. Kuanzia kipindi hiki, kuongeza kilo 5 kwenye benchi kila mwezi mmoja na nusu au miwili ni mwendo mzuri sana. Kasi ya miezi mitatu ya mwanzo haitarudi. Sehemu kubwa ilikuwa mafunzo ya neva.

Namba za daftari zikigoma kupanda wiki mbili mfululizo, usibadilishe zoezi. Angalia mapumziko kati ya seti kwanza. Kwenye benchi na skwati ni dakika 2 hadi 3, ukizipima kwa saa ya mkononi, si kwa kukisia. Sekunde 45 zinakunyima marudio mawili matatu kwenye seti ya pili. Kisha usingizi, saa saba au zaidi. Kisha chakula: kwa kilo 72 lenga gramu 115 hivi za protini kwa siku, yaani gramu 1.6 kwa kila kilo. Kwa Mwanza hilo halihitaji unga wa dukani. Mayai manne yana gramu 24, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, nusu lita ya maziwa 16, gramu 50 za dagaa wakavu karibu 25, na kipande cha sato cha gramu 150 kilichopikwa karibu 35. Kama hayo yote yako sawa na bado umegoma, kwa wiki moja punguza seti ziwe nusu, uzito uleule, halafu endelea.

Ukiumwa kidogo siku ya mazoezi, fanya. Pasha mwili moto, piga seti moja ya nusu ya uzito wako. Kama unakwenda hadi chini na kurudi bila kubanwa, endelea na ratiba. Kama msuli ni dhaifu waziwazi, punguza asilimia 10 hadi 20 au sogeza siku moja. Kutembea au baiskeli dakika 15 hupunguza maumivu kwa muda, na kukandwa husaidia kiasi. Kunyoosha viungo kabla au baada ya mazoezi hupunguza maumivu haya kwa kiasi kidogo mno, hutakihisi. Dawa ya kweli ni kuingia taratibu: zoezi jipya, au baada ya kukaa mwezi mzima bila mazoezi, wiki ya kwanza seti 2 tu na ubakize marudio manne.

Diklofenaki iache. Inachokoza tumbo hadi vidonda, inabana damu inayokwenda kwenye figo hasa ukiwa umetoka jasho jingi, na haikarabati chochote. Huko Sweden, vijana waliotumia ibuprofeni, dawa ya kundi hilohilo, miligramu 1,200 kila siku kwa wiki nane za mazoezi, waliongeza msuli wa paja kidogo kuliko wenzao waliopewa aspirini ya dozi ndogo. Kama usiku mmoja maumivu yamekunyima usingizi, parasetamoli gramu moja inatosha.

Maumivu makali ya kuchoma yanayokuja katikati ya zoezi, yaliyo ndani ya kiungo au upande mmoja tu, au yasiyopungua baada ya siku saba, hayo si ya kuzoea. Simamisha zoezi hilo ukachunguzwe. Na ipo hali moja ya dharura ambayo kila anayenyanyua vyuma aijue. Baada ya mazoezi mengi kupita kiasi, hasa ya siku ya kwanza na kwenye joto, misuli inaweza kuvunjika kwa wingi na mabaki yake kuziba figo. Dalili ni mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, msuli uliovimba na kukakamaa, mkono usioweza kukunjwa wala kunyooshwa, na udhaifu usioendana na uchovu wa kawaida. Nenda hospitali siku hiyohiyo, usimeze dawa ya maumivu, mwambie daktari ulifanya zoezi gani na seti ngapi, na uulize kuhusu kipimo cha kriatini kinasi pamoja na vipimo vya figo.