Usiku mmoja kisiwani au miwili?

Ndugu, umeuliza kama usiku mmoja kisiwani unatosha kabla ya kuendelea na safari yako ya ndege ndogo. Mimi ningekaa miwili. Siku ya kutua hupumziki: unahangaika na kamba za kufungia ndege, unatafuta mafuta, na masikioni injini bado inanguruma. Kesho yake ndipo utajilaza mchangani bila kutazama saa. Ukichagua kivuli cha mnazi angalia juu kwanza, nazi haibishi hodi.

Ila uliza mapema kuhusu petroli ya ndege. Viwanja vingi vya visiwani vina mafuta ya jeti tu, na hayo injini yako ya petroli haiyawezi. Kama njia ya kurukia inaruhusu uzito wa matangi yaliyojaa, yajaze jioni, unyevu usipate nafasi ya kugeuka maji humo ndani. Asubuhi toa mafuta kidogo chini ya tangi, uyatie kwenye kichupa cha kioo: maji hutuama chini, utayaona.

Ondoka alfajiri, kabla joto halijapunguza nguvu ya injini na mawingu ya radi hayajapanda. Na jaketi okozi livae, usilitupe nyuma ya kiti.