Mpira wa pete uonekane televisheni: barua peke yake haitoshi

Dada yangu wa Wete, umeuliza kwa nini soka inameza saa zote za televisheni, na kama barua itaipatia timu yenu ya mpira wa pete nafasi. Andika, lakini usiitegemee.

Saa za hewani hufuata fedha. Mwaka 2021 Azam Media na TFF, shirikisho la soka Tanzania, walitia saini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, shilingi bilioni 225.6. Aliyetoa fungu hilo ataonyesha mechi, atairudia usiku, kisha ataichambua asubuhi. Asipofanya hivyo matangazo ya biashara hayamrudishii chake. Kuvusha kamera na mafundi hadi Pemba nako ni gharama.

Basi wapunguzieni kazi. Mchezo wenu ni robo nne za dakika 15. Urekodini kwa simu, kisha mchague dakika mbili tu za mabao. Simu ilazwe kwa upana, isisimamishwe, na itulie. Pelekeni ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, usiku ule ule pamoja na majina na matokeo, maana habari ya juzi hairushwi. Na fainali msiiweke siku ya Simba na Yanga, jamani! Ingojeeni ligi iende mapumziko, wakati wahariri wanahangaika kutafuta cha kujazia kipindi.