Fonti ya vitufe vya kibodi unayoweza kuisambaza

Ndugu, kwa vile unataka fonti yenye picha za vitufe vya kibodi uiweke kwenye kifurushi kimoja na programu yako, anza na Linux Biolinum Keyboard. Imetoka kwenye mradi wa Linux Libertine, na inapatikana kwa leseni mbili: GPL (leseni ya programu huria) yenye kifungu maalumu cha fonti, na SIL Open Font License (OFL). Mimi ningechukua OFL. Inakuruhusu kuipachika kwenye PDF na kuigawa pamoja na programu, hata programu ya kuuza. Sharti uambatanishe maandishi ya leseni, usiuze fonti peke yake, na ukiibadilisha usitumie jina ambalo mwenye fonti amelihifadhi.

Tafadhali kaa mbali na fonti zilizoandikwa "bure kwa matumizi binafsi". Kupakua bure hakukupi ruhusa ya kusambaza. Fungua zipu, tafuta faili la leseni. Kama halimo, achana nayo hata kama ni nzuri kiasi gani.

Halafu kama unahitaji alama chache tu, Yunikodi (mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi na alama namba yake) inazo tayari: ⌘ (Command) ni U+2318, ⇧ (Shift) ni U+21E7, ⌫ (Backspace) ni U+232B, na DejaVu Sans, ambayo nayo ni huru, inazionyesha. Mwongozo wa programu yako ukiwa wa HTML, yaani ukurasa wa wavuti, usihangaike na fonti kabisa. Weka Ctrl ndani ya tegi ya kbd, ichoree fremu yenye pembe za mviringo kwa CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti. Hapo hata asiyeona atasomewa "Ctrl" na kisoma-skrini chake.