Binti yangu hachangii darasani. Je, ni mzito wa kufikiri?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya kata hapa Kilosa. Nyumbani ndiye anayenikagulia hesabu za duka, na hubishana na baba yake kuhusu bei ya mbolea mpaka baba anakubali yaishe. Lakini kwenye kikao cha wazazi, mwalimu wake wa Kiingereza aliniambia binti ni mzito wa kufikiri kwa sababu hasemi kitu darasani. Bibi yake anasema nimwache, kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimsikilize nani?
*Mama Muuza Duka, Kilosa*

JIBU: Marahaba, mama. Mwalimu na bibi wote wamepima kimya chake, na kimya hakisemi lolote juu ya akili, kwa ubaya wala kwa uzuri. Mimi nashika hilo la mbolea. Anayembana baba yake kwa hesabu anafikiri.

Amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yakageuka Kiingereza. Akiulizwa, anatafuta hoja na papo hapo anatafuta maneno. Mtoto mchangamfu atajibu hata kwa Kiingereza cha kuungaunga. Mwenye haya huipanga sentensi nzima kichwani, na akimaliza swali limeshahamia dawati jingine. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda huo katika madarasa ya sayansi akakuta walimu husubiri jibu kwa sekunde moja hivi. Waliposubiri sekunde tatu, majibu yalirefuka, na waliozoea kunyamaza wakaanza kusema.

Nimefundisha Kiingereza miaka 26, na kosa hilo nimelifanya. Nilikuwa na mvulana aliyenyoosha mkono kila swali, nami nikamhesabu kuwa kichwa cha darasa. Nyuma alikaa msichana asiyefungua mdomo. Siku moja niliwasomea habari ya mzee aliyeuza ng'ombe wake wote ili alipe ada ya mwanawe, nikawaambia waandike kama alifanya vyema, hata kwa Kiswahili. Mvulana alijaza ukurasa akirudia habari ileile. Msichana aliandika mistari minne, na mmoja ulisema: "Ada ya mwaka wa pili italipwa na nini?" Ilikuwa Novemba. Mwaka mzima nilikuwa nimempita, na mpaka leo linaniuma.

Mwaka 1990 wataalamu 46 walioongozwa na Peter Facione walieleza mtu mwenye fikra tunduizi, yaani anayepima hoja kabla ya kuikubali, ana tabia gani. Walitaja udadisi, haki katika kupima hoja, na utayari wa kubadili mawazo. Usemaji haumo. Basi angalia kama binti anauliza "kwa nini", na kama anakubali akionyeshwa kosa.

Jioni mkifunga duka, mwache abishe kwa Kiswahili kwanza. Kisha aandike sentensi tatu za Kiingereza: anadai nini, kwa sababu gani, na mpinzani wake angesema nini. Akusomee kwa sauti. Hata kama hukijui Kiingereza, wewe msikilize, na asiwepo wa kumcheka matamshi.

Kwa mwalimu rudi, tena kwa upole, maana huenda ana darasa la watoto wengi mno. Muombe awaache wanafunzi wajadiliane wawili wawili kwa dakika mbili kabla ya kuita jina. Mdahalo wa mbele ya shule nzima usubiri kwanza. Na umpelekee daftari lenye zile sentensi tatu, alisome mwenyewe.