Kupoza nyumba ya kontena Mikindani
Ndugu uliyeuliza kama kiyoyozi cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kitatosha katika kontena la futi 20 unalotaka kuligeuza makazi huko Mikindani, kitatosha, kwani eneo lake halifiki mita 15 za mraba, lakini usikinunue kabla hujalizuia jua, maana chuma kitupu hupokea joto la Desemba mchana kutwa na kulimwaga lote ndani. Ezeka paa la pili la makuti, ukiacha nafasi ya futi moja juu ya kontena ili upepo upite, kisha toboa dirisha upande wa kusini-mashariki unakotoka upepo wa kusi. Kontena langu, kabla sijalipaka rangi nyeupe, saa nane mchana mkono haukukaa ukutani. Kipasha joto, ambacho Mmarekani wa kaskazini hawezi kukikosa katika nyumba yake ya kuhamishika, huku kwetu ni mzigo tu.